Jua Chini ya Pindo

Mapindo hakuwahi kumpa mtu kitu bure, na ukimuuliza kwa nini, atakuuliza wewe kwanza: kile cha bure ulichopewa mara ya mwisho, kiko wapi sasa? Utaanza kukuna kichwa. Yeye atarudi kukanyaga cherehani yake, maana kwake swali limekwisha.

Jina hilo alibandikwa na wateja. Alikuwa fundi wa sare za shule kwenye kibaraza cha nyumba ndefu ya maduka, na kazi yake ungeijua hata ukiwa umefumba macho, kwa kupapasa tu. Sketi ya fundi mwingine ina pindo la upana wa kidole. Ya kwake ilikuwa na pindo la upana wa kiganja, limelala ndani kwa adabu likingoja siku yake. "Mtoto anakua," alisema, "kitambaa hakikui. Basi tukiwekee akiba mapema." Mtoto akirefuka, sketi inarudi kibarazani, pindo linateremshwa, na nguo inaanza maisha upya. Mafundi wenzake walimwona kama mtu anayejikatia tawi alilokalia. Mwenye kuuza sketi nyingi aridhike na moja? Mapindo alicheka. Mteja wa sketi mpya kila mwaka, alisema, humkimbia fundi siku akipata bei ya chini kwa jirani. Mteja wa pindo lazima arudi, na akirudi huja na mdogo mtu mkononi, naye anataka sketi.

Hiyo ndiyo sababu aliyoitoa hadharani. Nyingine hakuitoa, ila waliomjua tangu utotoni waliikumbuka. Alifiwa na wazazi kabla hajang'oa meno ya utoto, akalelewa na shangazi aliyekuwa na moyo mkubwa na mfuko mdogo. Gauni la shule alinunuliwa moja. Kila alipokua, shangazi alifumua pindo, na kila pindo lililofumuliwa liliacha mstari: kitambaa cha juu kimepauka kwa jua na sabuni, cha chini bado kibichi. Mwisho gauni likawa na mistari kama ngazi. Watoto wenzake walimwambia ageuke wahesabu, wajue ana umri gani. Hakulia. Alirudi nyumbani akaanza kujaribu: maji ya siki, kitambaa chenye unyevu, pasi ya moto. Mstari mmoja ukafifia. Siku hiyo akajua atakuwa nani.

Akaenda sokoni kwa fundi mzee mwenye cherehani kuukuu, akamwambia, nitakufagilia na kukuokotea pini, wewe nifundishe mshono na unipe vipande vya kitambaa. Fundi akasema mshono sawa, vipande hapana. Binti akasema basi nafagia nusu ya chumba. Wakaelewana. Kwa vipande akashona foronya, foronya zikazaa nusu ya cherehani kwa ubia na mwenzake, na mwenzake alipoolewa mbali, nusu ya pili akaipata kwa kumshonea nguo za harusi. Ndivyo alivyopanda, hatua kwa hatua, bila kushikwa mkono na bila kumshika mtu shati.

Jirani yake kibarazani alikuwa fundi viatu mwenye ulimi mrefu kuliko uzi wake, wakamwita Soli. Mbele yao, ng'ambo ya barabara, palikuwa na bibi mmoja aliyeuza mkaa kwa kopo. Mapindo alitumia pasi ya mkaa, kwa hiyo bibi huyo alikuwa mtu muhimu kwake kuliko benki. Bibi aliishi na mjukuu wake wa kike, binti mwenye shingo ndefu na miguu isiyojua kusimama kukua. Mtaa mzima ulimwita Twiga.

Sasa, Twiga alikuwa ameacha shule. Sababu yake ilikuwa pale pale mbele ya macho ya kila mtu, imejaa mkaa.

Ilikuwa mifuko. Wafadhili fulani walikuja shuleni wakagawa mifuko ya vitabu kwa watoto wasio na wazazi na wale ambao kwao jiko huwaka kwa kubahatisha. Mifuko mizuri, mikono imara, rangi ya manjano inayoonekana kutoka mwisho wa barabara. Kufikia saa ya mapumziko watoto hao walishapata jina: Mandizi. Mandizi njooni. Ndizi moja imeiva. Wengine wakaanza kubeba vitabu mkononi, mifuko wakaiacha nyumbani. Twiga yeye aliacha vyote, mfuko na shule. Akamwambia bibi yake, afadhali nipime mkaa, mkaa hauna jina. Bibi alimbembeleza, akamfokea, akambembeleza tena, kisha akautia mfuko mkaa. Mkono wake ulikuwa imara kweli.

Mambo yalikuwa hivyo alipotokea bwana wa shirika. Hili lilikuwa shirika jingine. Alikuwa kijana mwenye miwani iliyomteleza puani kila alipofikiri, na alifikiri sana. Mwalimu mkuu alimleta mwenyewe kibarazani.

"Fundi," mwalimu mkuu akasema, "mwenzetu anataka kuwavalisha watoto wasiojiweza. Sketi na kaptura. Nimemwambia hapa mtaani kuna mafundi na kuna wewe."

"Maneno matamu hayo, mwalimu. Kwa kawaida yanakuja kabla ya bei mbaya." Mapindo akamsogezea mgeni kigoda. "Karibu, Bwana Miwani. Kaa, hicho kigoda kinapendeza zaidi kikikaliwa."

Soli alicheka mpaka akaangusha nyundo.

Bei haikuwasumbua sana. Walivutana, wakaachiana, kila mmoja akalalamika kidogo ili mwenzake afurahi. Kisha Bwana Miwani akatoa mfukoni sampuli ya nembo ya shirika: jua dogo la rangi ya chungwa, limetariziwa kwa uzi.

"Hii itakaa kwenye mfuko wa sketi na wa kaptura, mahali pa kuonekana."

Mapindo aliigeuza ile nembo mkononi kama mtu anayekagua nyanya. "Kazi nzuri. Lakini hapo hapana."

"Mama, hilo si la kujadiliwa."

"Kila kitu kinajadiliwa, baba, hata mahari ya mtoto wa mfalme. Niambie kwanza, mnaitakia nini?"

Akamweleza, na maelezo yake yalikuwa ya mtu mwenye akili. Sehemu nyingine walikogawa sare bila alama, nyingi zilionekana sokoni zikiuzwa kabla hazijafuliwa hata mara moja. Waliochanga wakauliza, na aliyetakiwa kujibu alikuwa yeye. Bila alama hapati kitambaa, bila kitambaa hakuna sare.

Mapindo hakubisha. Mtu mwenye sababu huwezi kumshinda kwa kelele. Alisimama, akamshika mkono kama anayemvusha barabara, akampeleka kwa bibi wa mkaa, akamwonyesha mfuko wa manjano.

"Huo si wetu," Bwana Miwani akasema haraka.

"Sikusema ni wenu. Nakuuliza mfuko unabeba nini."

Bwana Miwani aliinama, akautazama. Twiga alikuwa amekaa nyuma yake, vidole vyeusi, akipima kopo. Wala hakuinua macho. Miwani ikateleza.

"Sasa nitafanya nini, fundi? Bila nembo siwezi."

"Nani kasema bila? Mimi nazungumzia wapi." Mapindo akatoa sketi begani, akaipindua ndani nje, akamwonyesha lile pindo pana. "Hapa. Ndani. Mwenye kuuza ataiona na kuogopa, mnunuzi naye ataiona. Ukija kukagua, unapindua unaona. Mtoto anatembea, hakuna anayejua."

Kijana alifikiri sana, akairudisha miwani mahali pake. "Sawa. Lakini na mimi nataka changu. Nembo isitolewe mpaka nguo ichakae. Na watoto wakirefuka, mapindo uwateremshie bila malipo."

"Umekuja kusaidia watoto au kunifilisi?"

"Vyote viwili, ikiwezekana."

Hapo Mapindo akampenda. Wakakubaliana: yeye atateremsha mapindo bila malipo, shirika litaleta uzi na vifungo vyote. Wakapeana mikono, mwalimu mkuu akiwa shahidi na Soli akiwa mchekaji. Watu wenye akili zao timamu, wenye uzoefu, mchana kweupe, walikubaliana kwamba nembo isitoke na pindo lishuke, na hakuna hata mmoja aliyeshtuka.

Bibi wa mkaa ndiye aliyebaki. Alisikiliza habari za sare akiwa amekunja mikono.

"Mjukuu wangu harudi kule kuwa ndizi."

"Hatakuwa ndizi, bibi. Sketi yake itakuwa kama ya mtoto yeyote. Hakuna atakayemnyooshea kidole."

"Unaahidi au unasema?"

"Naahidi."

"Haya. Siku akinyooshewa kidole, utanunua mkaa kwingine. Mimi na wewe tutasalimiana tu."

Ukitaka kujua uzito wa maneno hayo, jua kwamba mkaa mwingine wa karibu ulikuwa wa kijana anayeuza vumbi na mawe. Lakini hata hilo halikuwa kubwa. Kubwa ni kwamba Mapindo hakuwahi kuuza ahadi ikarudishwa dukani.

Sare zikashonwa, zikavaliwa. Twiga akarudi darasani. Wenzake walimwangalia, wakaangalia sketi yake, hawakuona cha kusema, wakaanza kusema mengine, hasa kuhusu shingo yake. Hilo alilizoea, hata alilipenda. Alipewa kazi ya kufuta ubao maana alifika juu kabisa. Bibi alianza kumwekea Mapindo mkaa mkubwa mkubwa ndani ya kopo, na mambo yakatulia kwa muda mzuri.

Kisha Twiga akafanya kile alichokuwa akikifanya siku zote. Alikua.

Alikuja kibarazani baada ya shule, sketi imepanda juu ya magoti kama imeona nyoka. "Shikamoo. Mwalimu wa zamu amesema kesho nisiingie getini hivi."

"Marahaba. Mwalimu ana haki. Vua, jifunge kanga hii, nikufumulie mara moja."

Binti akabaki ameishikilia sketi. "Usiifumue."

"Utavaaje sasa? Utapiga magoti darasani?"

"Usiifumue, mama."

Mapindo akaichukua, akaipindua, akatia ncha ya mkasi kwenye uzi wa kwanza, na ndipo mkono ukasimama hewani. Kila fundi anajua kwamba pindo likikunjwa, ule upande wa nje wa kitambaa ndio unaogeukia ndani. Alikuwa ameshona jua lile kwenye upande wa nje. Ukiteremsha pindo, jua linatoka na kukaa mbele kabisa, chini ya sketi, rangi ya chungwa juu ya kitambaa cha samawati, mahali ambapo hata kipofu angeambiwa. Na hiyo ilikuwa sketi ya kwanza tu. Nyuma yake zilikuwa zinakuja sketi zote, na kaptura zote, kadiri watoto wanavyorefuka, na watoto hawajawahi kupewa amri ya kuacha kurefuka.

"Uliliona lini?" akamuuliza Twiga.

"Siku ya kwanza. Nilipindua nikatazama."

"Mbona hukuniambia?"

Twiga akainua mabega. "Nilidhani wewe ndiye fundi."

Upande wa pili wa kibaraza nyundo ilikuwa imenyamaza. Soli alikuwa amesikia kila kitu, na Soli kusikia ni hatari. "Jirani," akasema polepole, kwa utamu wa mtu anayelamba kijiko, "kumbe umeshona alfajiri. Jua litachomoza lenyewe."

"Soli, shona kiatu."

"Nashona. Nakuambia tu, pindo lako limeweka akiba mpaka fedheha."

Kulifumua lile jua aliweza, lakini alitoa neno lisitoke, na hata kama neno lingekubali kupinda, sindano ya tarizi ilikuwa imepita ndani ya kitambaa mara nyingi hivi kwamba matundu yangebaki na umbo lile lile. Jua lisilo na rangi, bado jua. Kushona sketi mpya hakuweza. Kumwambia Twiga asikue, bibi yake alishajaribu.

Alimpa binti sketi ya kuazima kwa siku chache, akakaa mbele ya cherehani bila kuikanyaga. Akafikiria gauni la shangazi na ngazi zake. Shangazi, mwishoni kabisa, alishona utepe mweusi juu ya mstari mmoja, na mstari ukapotea. Lakini watoto wakasema, huyo wa utepe. Utepe ukawa alama nyingine. Hapo ndipo tatizo lilipokuwa, wala halikuwa jua: kitu chochote ukikivaa wewe peke yako ni alama.

Basi kisivaliwe na wewe peke yako. Na kisianze kwako.

Mapindo akainuka, akajipangusa nyuzi, akaenda kwa mwalimu mkuu. Alimweleza kosa lake lote bila kulipunguza, maana ukitaka mtu akusaidie kubeba mzigo, mwonyeshe uzito wake. Kisha akasema anachotaka: ruhusa ya utepe wa samawati iliyoiva kuzunguka chini ya sketi na kaptura, kwa mtoto yeyote anayependa. Unafunika mstari wa pindo lililoteremshwa, na watoto wote wa mapindo wana mistari, wenye uwezo na wasio na uwezo.

"Na kinachofunikwa kingine?" mwalimu mkuu akauliza.

"Mwalimu, utepe haujui unafunika nini."

Mwalimu mkuu akatabasamu upande mmoja. "Upana wa vidole viwili, usizidi. Rangi ya shule. Na jezi za mpira nazo zinahitaji kushonwa mikono, nimekumbuka tu."

"Mwalimu, wewe ungefanya biashara ungetutoa sote sokoni." Akazichukua zile jezi.

Sasa ilibaki kumpata wa kwanza. Mtaani palikuwa na mke wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mama mnene wa sauti na mwepesi wa kukasirika, waliyemwita Mama Saruji. Binti yake alikuwa darasa moja na Twiga. Chochote alichovaa mtoto wa Mama Saruji, mama wengine walikivalisha wiki inayofuata huku wakiapa kwamba walikuwa nacho zamani. Mapindo alimjua mteja huyu kama anavyojua cherehani yake: ukimsukumia, anarudi nyuma, ukimficha, anafuata.

Mama Saruji alipopita, Mapindo alikuwa ametandika sketi mezani, utepe umeshashonwa, mshono umelala kama umechorwa. Alipomwona akaifunika haraka kwa kitambaa.

"Hiyo nini?"

"Hamna kitu, mama. Habari za nyumbani?"

"Nimekuuliza hiyo nini."

"Ah, ni mtindo tu. Mwalimu mkuu ameruhusu juzi. Lakini si wa kila mtu, kazi yake nyingi, mkono unauma."

"Si wa kila mtu maana yake nini? Mimi ndiye kila mtu?" Mama Saruji alishafunua kitambaa. "Na unaficha! Yaani unamfichia mtoto wangu! Nani kaiagiza hii?"

"Mteja mmoja. Siwezi kumtaja."

"Mtoto wangu atavaa kabla yake."

"Itabidi nikeshe, mama."

"Kesha! Nimekukataza?"

Soli aliinamia kiatu mpaka pua ikagusa gundi. Mama Saruji alilipa bei ambayo ilistahili kuitwa bei, akaongeza ya sketi ya pili, na alipoondoka, kati ya wote watatu yeye ndiye aliyefurahi zaidi.

"Jirani," Soli akasema alipoweza kupumua, "wewe ungemuuzia samaki maji."

"Samaki hana hela. Nipitishie uzi."

Mambo yakaenda kama maji yaliyopata mtaro. Mtoto wa Mama Saruji aliingia getini na utepe, akazunguka uwanja mzima ili uonekane. Baada yake wakaja watoto wa mwenye bucha, mapacha wa mwuza simu, na wengine ambao mama zao walisema wazi kwamba wao hawamwigi mtu. Kila utepe uliolipiwa ulizaa kipande kwa ajili ya sketi isiyolipiwa, kwa hiyo hata hapo Mapindo hakutoa kitu bure. Ila mlipaji hakujua amelipia wangapi, na hilo halikumdhuru. Mtindo ulipotapakaa vya kutosha, Twiga akarudishiwa sketi yake. Pindo limeshuka, mstari hauonekani, na jua limelala chini ya utepe kama mtu aliyejifunika shuka asubuhi ya baridi.

Twiga alijigeuza mbele ya kipande cha kioo kilichoning'inia ukutani. Akapapasa utepe kwa kidole, akakuta pale palipo na kinundu kidogo. "Lipo bado."

"Lipo. Nilitoa neno."

"Mama, kwa nini hukulishona kiunoni? Kiuno hakiteremshwi."

Mapindo alitoa pini mdomoni. Akamgeukia Soli, ambaye alikuwa tayari amefumbua mdomo.

"Soli, ukisema neno, viatu vyako vinalala nje leo."

Soli akasema mengi, na viatu havikulala nje.

Bwana Miwani alirudi mwaka wa shule ulipokuwa unakatika. Alikuwa na habari njema: kitambaa kingine kimepatikana, watoto wengi zaidi watavalishwa. Alikuwa na sharti lile lile, nembo, na safari hii wakubwa zake walisisitiza iwekwe mfukoni, nje. Walikaa ofisini kwa mwalimu mkuu, dirisha limefunguka kuelekea uwanjani, watoto wako mapumziko. Mapindo aliitwa, akaja na futikamba shingoni.

Alisimulia kosa lake tangu mwanzo. Bwana Miwani aliposikia mahali pindo linaposhuka na jua linatoka, alijipiga paji la uso kwa kiganja. "Lakini na mimi nilikuwepo! Mimi ndiye niliyedai yashushwe!"

"Ulikuwepo, baba. Tulikuwa wengi na hatukuwa na akili hata moja." Mapindo akasogea dirishani. "Sasa njoo hapa. Hawa ndio watoto. Wako na wasio wako wamechanganyika. Nionyeshe mmoja tu wa kwako. Ukimpata, nashona jua mfukoni, kubwa kama sahani. Ukimkosa, linakaa ndani ya kiuno, na wewe ndiye utakayewaeleza wakubwa zako."

"Kutoka hapa?"

"Ulitaka lionekane kutoka mbali. Basi tazama kutoka mbali."

Miwani iliteleza, akairudisha. Alitazama kwa bidii kama mtihani. Uwanja ulijaa samawati na tepe. Twiga alikuwa pale pale karibu na dirisha, ameshika kamba ya kuruka, shingo juu ya wote, anabishana na mwenzake kwa sauti ya mtu asiyedaiwa. Macho ya Bwana Miwani yalimpita bila kusimama. Yakatembea, yakarudi, yakatua kwa binti mmoja aliyekaa kwenye vumbi, soksi moja juu na nyingine chini, nywele zimefumuka, blauzi imetoka nje.

"Yule," akasema kwa huruma. "Yule maskini."

Mwalimu mkuu aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika.

"Yule," Mapindo akasema, "baba yake ndiye aliyeuza saruji iliyojenga ofisi hii. Na ukimwambia mama yake ulichosema, sisi hatukujui."

Bwana Miwani alivua miwani, akaipangusa, akacheka mwenyewe. Alikuwa mwungwana wa kushindwa, na hao ni adimu. "Kiunoni," akasema. "Ila nitahitaji picha."

"Njoo kibarazani, kuna sketi inayongoja utepe. Utapiga picha jua lako kwa karibu mpaka lichoke. Jua, si mtoto."

"Na mapindo bila malipo, kama kwanza?"

"Hapo tukae upya. Safari hii kitambaa cha utepe kinatoka kwenu."

Wakakaa upya. Kengele ilipolia, bado walikuwa wanavutana kuhusu vifungo.

Jioni Mapindo alivuka barabara kununua mkaa wa kesho. Bibi alimpimia kopo, akalishindilia, akaongeza bonge moja kubwa juu bila kuulizwa. Mapindo akalitazama lile bonge.

"La nini hili, bibi? Mimi sichukui cha bure."

"Si la bure. Sketi ya mjukuu wangu imeanza kupanda tena."

Mapindo aligeuza kichwa. Twiga alikuwa anakuja kutoka shuleni katikati ya kundi la wenzake, vitabu kwenye mfuko wa nguo ambao mtu alimshonea kwa vipande, na ni kweli, magoti yalikuwa yameanza kuchungulia chini ya utepe. Pindo lilikuwa bado na akiba ya kidole kimoja. Akalitia bonge ndani ya kopo.

"Mlete kesho," akasema, "kabla hajakua tena."